Aliyeshika Kamera Aliuliza Nini?

Katika historia ya filamu Afrika, mwanamke alionekana kwenye skrini miaka mingi kabla ya mtu kumuuliza swali. Na alipoanza kuulizwa, mara nyingi swali lilikuwa moja: "Nini kilikupata?" Sisi tunaoishi kambini hilo swali tunalijua vizuri. Ndiyo maana nataka tufuate safari yake, kuanzia lori la Waingereza hadi simu za vijana wetu wa leo.

Tuanze mwaka 1935. Huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza walianzisha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Lori lilibeba mashine likazunguka vijiji vya Afrika Mashariki, jioni kitambaa cheupe kinatundikwa, watu wanajaa. Waliona habari za safura, za chai, za kuweka akiba posta, za malaria ya watoto wachanga. Katika filamu za aina hii mama alikuwa mtu wa kufundishwa. Anaonyeshwa, anaelekezwa, basi.

Kwenye makoloni ya Ufaransa kulikuwa na amri ya 1934, iliyoitwa amri ya Laval, iliyomtaka kila anayetaka kupiga filamu aombe kwanza kibali cha serikali. Kwetu Kongo, wakati wa Wabelgiji, mapadri wamisionari walikuwa kati ya watu walioshika kamera sana. Bibi zetu walikuwa na hadithi tele, ila mlango ulikuwa na bawabu.

Miaka ya 1970 mlango ukaanza kusukumwa. Mwaka 1972 Sarah Maldoror alitengeneza Sambizanga, hadithi ya Maria, mwanamke wa Angola ambaye mume wake amekamatwa na polisi wa Wareno. Maria anambeba mtoto mgongoni na kwenda kituo kimoja hadi kingine akiuliza mumewe yuko wapi. Angola ilikuwa vitani, kwa hiyo filamu ilipigwa nchi jirani, Kongo-Brazzaville, na wengi walioigiza hawakuwa waigizaji wa kazi. Walikuwa watu wa harakati za ukombozi. Msomaji mwenzangu, hapo tusipite haraka. Moja ya filamu kubwa za bara letu kuhusu mwanamke ilitengenezwa ng'ambo ya mpaka, na watu waliokuwa mbali na kwao. Na ndani yake mwanamke ndiye anayeuliza maswali.

Miaka mitatu baadaye, 1975, Safi Faye wa Senegal, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, akatoa Kaddu Beykat, yaani sauti ya mkulima. Alienda kijiji cha wazazi wake akawaacha watu waongee wenyewe kuhusu karanga, kodi na ukame. Mwaka 1983 akarudi na filamu fupi juu ya mama mmoja anayeitwa Selbe, mwenye umri wa miaka 39 na watoto wanane. Wanaume wa kijiji wameondoka kutafuta kazi. Tunamwona Selbe anavyohangaika ili watoto wale. Faye anamuuliza juu ya kazi, pesa, ndoa. Selbe anajibu huku mikono yake iko kazini. Ukimtazama unaona taabu yake, na unaona pia kwamba ana akili ya kupanga siku.

Halafu wakaja vijana wenyewe. Iran, 1998: Samira Makhmalbaf, msichana wa miaka 17, alisikia habari za baba mmoja wa Tehran aliyewafungia binti zake mapacha ndani ya nyumba kwa miaka mingi, tangu walipokuwa wadogo. Nchi nzima ilishtuka, wakasema, wakalia. Samira akaenda kwenye ile nyumba na kamera, na familia yenyewe ikaigiza maisha yake. Katika filamu hiyo, Tufaha, kuna mahali mfanyakazi wa ustawi wa jamii anamfungia baba ndani, anampa msumeno, akate vyuma vya mlango mwenyewe kama anataka kutoka. Wasichana wako nje, wanajifunza barabara. Swali la "wasichana hawa walipatwa na nini" likageuka kuwa "wewe baba, utaufungua vipi mlango huu?"

Syria, 2011: Waad al-Kateab alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Aleppo maandamano yalipoanza. Alianza na simu. Aliendelea kurekodi hadi mji ulipozingirwa, ndani ya hospitali alimofanya kazi mumewe daktari, na huko huko akazaa. Filamu yake ya 2019, For Sama, aliyoiongoza pamoja na Edward Watts, anamwambia bintiye kwa nini walibaki. Hajibu maswali ya mgeni. Anampa mtoto wake maelezo, na sisi tunasikiliza pembeni.

Sasa tuje kwetu. Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Mji huo ndio ulioungua Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo siku sita. Mwaka 2017 Hamadi alitoa filamu kuhusu Kanali Honorine Munyole, polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuongoza kikosi cha kulinda wanawake na watoto. Wamama waliobakwa katika ile vita wanakuja kwake. Watoto walioitwa wachawi wanaletwa kwake. Yeye anatafuta nyumba, anachangisha, anagombana, anachoka. Mateso yapo, lakini tunayaona kupitia mtu anayeyashughulikia.

Kuna wanaosema filamu za wanawake zitengenezwe na wanawake tu. Sababu yao ina uzito: wanaume wamesema kwa niaba yao muda mrefu. Lakini Hamadi ni mwanaume, na alimwacha Mama Kanali awe bosi wa filamu. Mwaka 2020 alirudi tena kwa majeruhi wa vita ile ile, wanaume kwa wanawake, wengine kwa magongo na miguu ya bandia, akapanda nao boti kuteremka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Huko hakuuliza "mnaumwa wapi?" Aliwafuata wanachodai. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita ile ya miaka mingi. Sisemi filamu ndiyo iliyoleta hukumu. Nasema waliomo walijulikana kama wadai, na mdai anatazamwa kwa jicho lingine.

Huku Kakuma, shirika la FilmAid lilifika mwaka 2001 na lori lenye skrini, miaka zaidi ya sitini baada ya lile la Vugiri. Baadaye vijana wakimbizi wakaanza kufundishwa kupiga na kukata filamu wenyewe. Hiyo ni hatua. Ila kamera ikishikwa na mtoto wa nyumbani, swali la zamani linaweza kubaki lile lile.

Nimewahi kutafsiri kwa wageni wenye kamera. Mama mmoja wa bloku yetu, anayeuza mandazi, aliulizwa habari za usiku wa kukimbia. Alisimulia. Akaombwa asimulie tena kwa sababu upepo uliingia kwenye maiki. Akasimulia tena. Walipoondoka akaniambia, "Mwanangu, hawakuuliza hata unga nanunua wapi." Ile filamu hakuwahi kuiona. Mama huyo amesomesha watoto watatu kwa karai moja la mafuta, amepanga deni na mwenye duka, anajua nani kwenye foleni ya maji hajala. Yote hayo hayako popote. Kilichobaki kwenye maktaba ya watu wengine ni usiku mmoja wa maisha yake.

Kwa hiyo vijana wetu, mkienda kwa mama na simu zenu, kaeni kwanza. Msaidieni kukanda. Muulizeni anafanya nini, anadai nini, anamdai nani. Usiku ule, akitaka, ataufikia mwenyewe. Na mkimaliza, mtu wa kwanza kuiona filamu awe yeye, hata kama ni kwenye kioo kidogo cha simu, kabla haijapanda ndege. Akisema "hapa toa", toeni.