Benson Wanjau ndani ya ndevu za Mzee Ojwang'

Kwa takriban miaka 30, Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang', mhusika wa vichekesho vya runinga: Mjaluo mwenye miwani mikubwa na ndevu nyeupe, asiyekubali kushindwa kwa maneno hata kosa likiwa lake. Mwenye kuvaa ndevu hizo alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezaliwa mwaka 1937.

Wengi walikataa kuamini, na siwalaumu. Wanjau hakubahatisha. Alijua kwamba Kijaluo hakina sauti ya "sh" wala "z", kwa hiyo shamba likawa "samba" na zawadi ikawa "sawadi". Lafudhi hiyo aliishikilia hata mzee alipofoka kwa hasira, mahali ambapo mwigizaji hafifu husahau akarudia sauti ya kwao. Wapo wanaosema huko kulikuwa ni kuwadhihaki Wajaluo. Sikubaliani nao hata kidogo. Ojwang' alikuwa mtu wa kujiheshimu mno, na kicheko kilitokana na heshima hiyo kugongana na deni, na jirani mjanja, au na mke aliyekwisha kuzijua hila zake zote.

Mke huyo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye naye hakuzaliwa Ujaluoni. Walivyozoeana kugombana mbele ya kamera, watu waliwadhania kuwa mume na mke hasa, ikabidi Khavere akanushe tena na tena.

Wanjau alionekana pia katika kipindi kingine, Vioja Mahakamani, lakini kipindi chao wawili, Vitimbi, kilirushwa na stesheni ya Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989. Stesheni nyingine, KTN, ilianza mwaka 1990. Kabla ya hapo mwenye runinga hakuwa na pengine pa kuchagua. Lakini tusiseme alipendwa kwa sababu hapakuwa na mwingine. Stesheni zilipoongezeka, zikaja na wachekeshaji vijana, Ojwang' alibaki Ojwang'.

Umaarufu wote huo haukumwekea akiba. Uzeeni macho yalipomsumbua, ni wananchi waliochanga pesa ili atibiwe. Ninaona ni aibu kwamba mtu aliyelichekesha taifa kwa miongo mitatu alihitaji mchango.

Alifariki kwa nimonia Jumapili, Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa katika makaburi ya Lang'ata.