Nadhiri ya Warumi ya Mwaka 217

Wengi hudhani ya kuwa watu wa kale waliitolea miungu yao sadaka kwa hofu tu. Kwa Warumi sivyo. Mwaka wa 217 kabla ya Kristo, Hannibal alipokwisha kuwaua kwa maelfu kando ya ziwa la Trasimene, walimwekea Yupiteri nadhiri: dola ikisalimika miaka mitano, watamtolea nguruwe, kondoo, mbuzi na ng'ombe wote watakaozaliwa katika majira ya kuchipua ya mwaka mmoja. Maneno yalipimwa kama hati ya deni: mnyama akifa au akiibiwa kabla ya kutolewa, mwenyewe hana hatia. (Hapo twamsikia mwanasheria kuliko mcha Mungu.) Deni lililipwa mwaka wa 195; walakini kuhani mkuu alisema kwamba halikulipwa sawasawa, wakatoa tena mwaka wa 194.

Basi tusiliite jambo hili tambiko, maana tambiko huelekea mizimu ya wazee. Nadhiri ndilo neno lake: ahadi kwanza, malipo baada ya kupewa. Lakini Yakobo naye kule Betheli alisema, Mungu akinilinda, nitamtolea fungu la kumi. Wanafunzi hutuuliza tofauti i wapi, wala hatuwajibu upesi.