Kermit: chura aliyebeba mafaili

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipewa nafasi finyu ya kuhifadhi kazi zake kwenye kompyuta kuu ya chuo, DECSYSTEM-20. Ikijaa, afute. Disketi zilikuwepo, lakini zilisomwa na kompyuta ndogo tu. Kilichoweza kuziunganisha mashine hizo mbili ni laini ya siriali, kwa waya au kwa modemu na simu.

Mwaka 1981 Frank da Cruz na Bill Catchings wakaanza kuandika programu ya kuhamisha mafaili kupitia laini hiyo. Wakaiita Kermit, kwa sababu ukutani palikuwa na kalenda ya The Muppet Show, yenye chura wa jina hilo.

Hawakuwa wa kwanza. Tangu 1977 Ward Christensen wa Chicago alikuwa na programu iliyozaa XMODEM, iliyokata faili vipande vya baiti 128. Ila XMODEM ilitaka laini inayopitisha kila baiti bila kuigusa, na Columbia palikuwa pia na kompyuta kuu za IBM, mashine zenye masharti kama mganga. Alama fulani zilimezwa njiani, nyingine zikachukuliwa kuwa amri, na herufi zote zikageuzwa ziingie mfumo mwingine.

Kermit basi haikuiamini laini hata kidogo. Alama ya Control-A ikiwa ndani ya faili, haikutumwa ilivyo. Ilitumwa #A, herufi mbili za kawaida, na mpokeaji akairudisha katika hali yake. Hata urefu wa pakiti, yaani kila kipande cha faili kilichotumwa, uliandikwa kwa herufi moja inayochapika, na herufi hiyo haiwezi kubeba namba inayozidi 94. Ndiyo maana pakiti za mwanzo zilikuwa fupi hivyo. Mpokeaji alipiga hesabu ya kila pakiti: ikilingana na ile iliyokuja nayo anajibu Y, isipolingana anajibu N, nayo inatumwa upya.

Subira ilihitajika. Disketi ya kilobaiti 160, kwa modemu ya biti 300 kwa sekunde, ilichukua saa moja na nusu hata kabla ya kuhesabu majibu na marudio. Wenye XMODEM waliicheka Kermit kwa uzito wake, na kwa kasi walikuwa na haki. Lakini wangejaribu kuifikisha XMODEM yao kwenye ile IBM!

Chuo kiliwaachia watu waigawe na kuinakili. Tepu zikasafiri kwa posta, na waliozipokea wakaiandika upya kwa ajili ya mashine zao, kisha wakarudisha matoleo yao Columbia ili wengine nao wayapate. Mwaka 1987 da Cruz alitoa kitabu kizima juu yake, dibaji ikiandikwa na Donald Knuth.

Columbia iliufunga mradi huo mwaka 2011, msimbo ukaachwa wazi kwa yeyote. Fundi anayefufua kibao cha kompyuta chenye programu ya kuwashia ya U-Boot, kisicho na mtandao wala kadi ya kumbukumbu, bado anaweza kuchomeka waya wa siriali, kuandika amri ya loadb, na kukipelekea faili kwa Kermit.