Kutoka Ubaoni hadi Indianapolis: Historia ya Kusaka Vipaji vya Futiboli ya Kimarekani

Tarehe 8 Februari 1936, wamiliki wa timu tisa za futiboli ya Kimarekani walikutana kwenye hoteli ya Ritz-Carlton jijini Philadelphia. Mbele yao palikuwa na ubao wenye majina takriban 90 ya vijana waliokuwa wanamaliza chuo. Walichagua kwa zamu, raundi baada ya raundi, hadi wachezaji 81 wakapata timu. Hakuna hata timu moja iliyokuwa imeajiri mtu wa kuzunguka viwanjani kuwatazama vijana hao. Majina yalitoka magazetini, kwenye barua za makocha na katika maneno ya marafiki.

Hiyo ndiyo drafti ya kwanza ya ligi ya NFL. Aliyeibuni ni Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuwakosa wachezaji wazuri kila mwaka. Stan Kostka, nyota wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alimponyoka akaenda Brooklyn. Mwaka 1935 Bell akapendekeza kwamba timu iliyoshika mkia iwe ya kwanza kuchagua, bingwa awe wa mwisho, na mchezaji akishachaguliwa asiongee na timu nyingine.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili, ambapo Simba au Yanga humchukua yeyote wanayeweza kumlipa, ataona tofauti mara moja. Kwenye drafti fedha peke yake haimleti mchezaji. Timu hupewa zamu, na faida ya zamu hiyo hutegemea timu inajua nini kuhusu vijana ambao bado hawajacheza ligi ya kulipwa. Kwa miaka karibu 90 klabu zimetumia mizani, saa, kompyuta na madaktari kuutafuta ujuzi huo. Hata hivyo, mavuno makubwa zaidi yamekwenda mara nyingi kwa waliojisumbua kufika mahali ambako wenzao hawakufika.

Mwanzo haukuwa wa kutia moyo. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ambayo leo huitwa Heisman. Eagles walimchagua, wakauza haki yake kwa Chicago Bears, na mmiliki wa Bears, George Halas, akashindwa kuelewana naye kuhusu malipo. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Alikwenda kufanya kazi katika biashara ya raba ya sponji. Wakati huohuo, Bears walimchukua Danny Fortmann katika raundi ya tisa, ya mwisho kabisa, naye akaishia kwenye Jumba la Umaarufu la futiboli huko Canton, Ohio.

Mmoja tu ndiye aliyeonekana kujiandaa. Wellington Mara, mtoto wa mmiliki wa New York Giants na bado mwanafunzi wa chuo, alikuwa akiagiza magazeti na majarida ya miji mingine na kuweka kumbukumbu za wachezaji kwenye mafaili. Katika drafti hiyo ya kwanza Giants walimpata Tuffy Leemans wa George Washington, chuo ambacho wengi hawakukifuatilia. Leemans naye yuko Canton.

Palikuwa na wachezaji ambao hata Mara hakuwa na faili lao. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji Mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Haikuandikwa kanuni yoyote. Wamiliki walikuwa wameelewana kimyakimya. Ukuta ulianza kubomoka 1946, Rams walipohama Cleveland kwenda Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa umma wa Coliseum. Walibanwa waajiri wachezaji Weusi, wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode.

Mwaka huohuo mmiliki wa Rams, Dan Reeves, alimwajiri Eddie Kotal, anayetajwa kuwa skauti, yaani msaka vipaji, wa kwanza wa kudumu katika ligi. Kazi ya Kotal ilikuwa kusafiri. Alifika hata kwenye vyuo vya Weusi vya Kusini, vilivyokuwa vikicheza ligi zao wenyewe kwa sababu ya ubaguzi. Huko Grambling, Louisiana, aliona mchezaji mwenye umbo kubwa na kasi aliyeitwa Paul Younger, maarufu kama Tank. Hakuna timu iliyokuwa imemchagua kwenye drafti. Rams walimsajili 1949, akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kutoka chuo cha Weusi. Inasimuliwa kwamba kocha wake, Eddie Robinson, alimkumbusha kabla hajaondoka kwamba akishindwa, mlango ungeweza kufungwa kwa muda mrefu. Hakushindwa.

Rams waliendelea kuokota walichoacha wengine. Mwaka 1951 walimchagua Andy Robustelli katika raundi ya 19 kutoka Arnold, chuo kidogo cha Connecticut. Mwaka 1952 kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha ndege aliingia mwenyewe kwenye ofisi zao na kitabu cha vipande vya magazeti vilivyomtaja. Alikuwa Dick Lane. Katika msimu wake wa kwanza alinasa pasi 14 za wapinzani, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo ingawa msimu wa siku hizo ulikuwa na mechi 12 tu. Lane na Robustelli wote wako Canton.

Kwingineko hali ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1955 Pittsburgh Steelers walimchagua Johnny Unitas katika raundi ya tisa, wakamwacha bila kumpa nafasi ya kucheza hata mechi moja. Akawa analipwa dola sita kwa mechi katika timu ya mtaani huko Bloomfield, mpaka Baltimore Colts walipomwita 1956. Alikuja kuhesabiwa miongoni mwa makwotabeki bora wa karne, yaani wachezaji wanaoendesha mashambulizi kwa kurusha pasi.

Aliyeanza kuleta utaratibu ni Paul Brown, kocha wa Cleveland. Aliwapa wachezaji mitihani ya akili na kuwapima mbio za yadi 40, kama mita 36.6. Inaelezwa kwamba umbali huo ulitokana na urefu wa wastani wa mpira unaopigwa kwa mguu kumrudisha mpinzani nyuma, ambao wachezaji hulazimika kuukimbilia. Kipimo hicho kidogo ndicho leo kinachotangazwa kwenye televisheni kwa sehemu za mia za sekunde.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1960 ilianza kucheza ligi pinzani, AFL, na ligi mbili zikawa zinachagua vijana walewale. NFL ilituma watu wa kuwalinda wachezaji hotelini ili wapinzani wasiwafikie. Lloyd Wells, skauti Mweusi wa Kansas City Chiefs, alimkuta Otis Taylor wa Prairie View amefichwa kwenye hoteli karibu na Dallas, akamsaidia kutoroka kupitia dirishani. Taylor akawachezea Chiefs na kushinda nao Super Bowl, fainali ya ubingwa. Mwaka 1967, baada ya ligi hizo kukubaliana kuungana, ilifanyika drafti moja ya pamoja.

Gharama za safari ziliwafanya hata mahasimu washirikiane. Mwaka 1963 Detroit Lions, Eagles na Steelers waliunda shirika la kuchangia maskauti, na Bears walipojiunga likaitwa BLESTO. Ripoti ya mtu mmoja sasa iliweza kusomwa na timu kadhaa. Faida yake ilikuwa wazi, na kasoro pia: kosa la skauti mmoja lilisambaa kwa wote.

Dallas Cowboys walichukua njia nyingine. Tex Schramm, meneja wao, alimtafuta Salam Qureishi, mwanatakwimu kutoka India aliyekuwa kwenye kampuni tanzu ya IBM na aliyeijua kriketi kuliko futiboli. Qureishi aliwasaidia kugeuza maoni ya maskauti kuwa namba, na orodha ndefu ya sifa ikapunguzwa hadi mambo machache ya msingi, yakiwemo tabia, wepesi, ari ya ushindani na nguvu. Lakini kompyuta haikujilisha yenyewe. Gil Brandt, mkuu wa maskauti aliyewahi kuwa mpiga picha za watoto wachanga, aliipelekea majina ambayo wengine hawakuyafikiria: wacheza kikapu, wanariadha, hata mwanasoka wa Austria, Toni Fritsch, aliyesajiliwa 1971 kwa ajili ya kupiga mpira kwa mguu.

Drafti iliyofanyika kwa ajili ya msimu wa 1964 inaeleza kila kitu. Cowboys walimchukua Mel Renfro katika raundi ya pili. Katika raundi ya saba wakamchukua Bob Hayes, ambaye mwaka huohuo alishinda dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Katika raundi ya kumi wakamchagua Roger Staubach, kwotabeki wa chuo cha wanamaji aliyekuwa na deni la miaka ya utumishi jeshini. Walimngoja hadi 1969. Wote watatu wako Canton.

Hata hivyo, kilele cha kazi hii kilifikiwa Pittsburgh, tena na mwandishi wa habari. Bill Nunn alikuwa mhariri wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani Weusi, na kila mwaka alitangaza kikosi cha nyota wa vyuo vya Weusi. Aliwaambia Steelers waziwazi kwamba klabu yao ilikuwa haiwajali wachezaji hao. Dan Rooney, wa familia inayomiliki klabu, akamkaribisha kazini. Akaanza kwa muda 1967, baadaye akawa skauti wa kudumu. Makocha wa vyuo hivyo walikuwa marafiki zake wa miaka mingi. Walimfungulia filamu na milango ambayo skauti mgeni hakufunguliwa. L.C. Greenwood alikuja 1969 katika raundi ya kumi, Mel Blount akafuata 1970.

Mwaka 1974 Nunn alikwenda na maskauti wengine Alabama A&M kumpima mpokeaji pasi John Stallworth. Uwanja ulikuwa umelowa, na muda wake wa yadi 40 haukuvutia. Maskauti wengine wakaondoka. Nunn, kama inavyosimuliwa, alisingizia ugonjwa akabaki nyuma, akampima tena mahali pakavu. Muda ukawa mzuri zaidi. Baadaye aliwashawishi wakubwa wake wasimchukue mapema, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua walichokijua wao. Stallworth alipatikana raundi ya nne. Mwaka huohuo Steelers waliwachagua pia Lynn Swann, Jack Lambert na Mike Webster. Donnie Shell wa South Carolina State, aliyeachwa na timu zote katika raundi 17, walimsajili drafti ilipokwisha. Watano hao wote wako Canton, na Steelers walitwaa Super Bowl nne katika misimu sita.

Baada ya hapo sehemu za kujificha zilipungua. Vyuo vikuu vikubwa vya Kusini viliwafungulia milango wachezaji Weusi, na vipaji ambavyo zamani vingekwenda Grambling vikaelekea Alabama na Georgia mbele ya kamera. Mwaka 1982 kambi ya pamoja ya majaribio ilifanyika Tampa ikiwa na wachezaji 163. Sababu kubwa ilikuwa vipimo vya afya, ili kila klabu isimwite kijana yuleyule kwa daktari wake. Kambi tatu za aina hiyo ziliunganishwa 1985, na tangu 1987 shughuli hufanyika Indianapolis. Leo zaidi ya wachezaji 300 huitwa kila mwaka. Hukimbia, huruka, hunyanyua kilo 102 mara nyingi wawezavyo na kuhojiwa hadi usiku. Mwaka 2024 Xavier Worthy alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21, rekodi ya kambi hiyo.

Kipimo kinachojulikana mapema hufanyiwa mazoezi. Mike Mamula wa Boston College alijifua kwa ajili ya majaribio ya 1995, akang'ara, na Eagles wakatoa zamu kadhaa kwa Tampa Bay ili wamchague wa saba. Hakuwa mchezaji mbaya. Ila zamu hizo ziliwasaidia Tampa Bay kuwapata Warren Sapp na Derrick Brooks, wote wa Canton. Miaka mitano baadaye Tom Brady wa Michigan alikimbia kwa sekunde 5.28, akachaguliwa wa 199 baada ya makwotabeki sita. Kabla ya drafti New England walikuwa wamemtuma kocha Dick Rehbein akamtazame, naye akampendekeza. Brady alistaafu na Super Bowl saba.

Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler waliuchunguza mfumo huu. Walikuta kwamba mchezaji anayechaguliwa humzidi yule anayefuata katika nafasi yake ya uwanjani kwa uwezekano wa asilimia 52 tu, wakati timu hulipa bei kubwa kupanda zamu moja au mbili. Mtihani wa akili wa Wonderlic, uliotumika kambini kwa miongo mingi, uliondolewa 2022.

Kwa hiyo klabu zimeanza tena kusafiri, safari hii nje ya Marekani. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya ambaye hakuwahi kucheza futiboli. Mwaka huohuo Ezekiel Ansah, mzaliwa wa Accra aliyeanza mchezo huo chuoni 2010, alichaguliwa wa tano na Detroit. Jordan Mailata, aliyetoka kwenye raga ya Australia, alichaguliwa wa 233 na Eagles 2018, na Februari 2025 akatwaa nao Super Bowl. Ligi imeendesha kambi Accra 2022 na Nairobi 2023.

Bill Nunn, aliyefariki 2014, aliingizwa Canton mwaka 2021. Katika drafti ya mwaka huohuo, hakuna mchezaji hata mmoja wa vyuo vya Weusi aliyechaguliwa. Mwaka uliofuata walichaguliwa wanne. Mmoja wao, Joshua Williams wa Fayetteville State, aliyechukuliwa na Kansas City katika raundi ya nne, alinasa pasi ya kwotabeki wa wapinzani, Joe Burrow, kwenye mechi ya kuamua bingwa wa kanda ya AFC, na wiki mbili baadaye timu yake ikatwaa Super Bowl.