Mzindakaya na Ngazi Inayokosekana: Uwakilishi wa Ufipa kati ya Halmashauri na Bunge

Mwanasiasa wa Marekani anaweza kuanza na kumaliza safari yake ya kisiasa katika bunge la jimbo lake, akitunga sheria za kodi, shule na barabara bila kuhamia Washington. Mwanasiasa wa Ufipa, mkoani Rukwa nchini Tanzania, hana ngazi hiyo. Akitoka kwenye udiwani, kinachofuata ni ubunge. Mkoa ulio katikati unaongozwa na mtu aliyeteuliwa na Rais. Nadai kwamba pengo hilo limewagharimu wananchi wa Ufipa hata walipokuwa na mbunge mwenye nguvu kuliko wengi.

Mbunge huyo ni Dk. Chrisant Mzindakaya, aliyefariki mwaka 2021. Aliingia bungeni miaka ya 1960, akawahi kuwa mkuu wa mkoa, na akaliwakilisha jimbo la Kwela hadi 2010. Watanzania wanayakumbuka “mabomu” yake, hoja alizozilipua bungeni nyaraka zikiwa mkononi. Mwaka 1996 hoja yake kuhusu misamaha ya kodi ya mafuta ya kula iliishia kwa Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi, kujiuzulu. Aliyeilipua ni mbunge wa chama tawala, tena wa mkoa ambao wakati huo haukuwa na lami ya kuuunganisha na Tunduma. Ujasiri huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa leo.

Hata hivyo, fikiria mahindi. Mkulima wa Laela, huko Ufipa, anapovuna, bei hutegemea kiasi kitakachonunuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kama Serikali imeruhusu mahindi yauzwe nje. Miaka ambayo mauzo ya nje yalizuiwa, magunia yalibaki kwa wakulima, na Sumbawanga hapakuwa na chombo cha mkoa kilichochaguliwa cha kumhoji yeyote. Kamati ya Ushauri ya Mkoa, iliyowekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, haina mamlaka ya kuamua. Mbunge aliyeweza kumng’oa waziri hakuwa na pa kupanga uchumi wa mkoa wake. Naamini ndiyo sababu Mzindakaya aligeukia mtaji: alianzisha kiwanda cha nyama cha SAAFI mjini Sumbawanga kwa mkopo wenye dhamana ya Serikali, dhamana iliyozua mjadala mkali. Jukumu la umma likawa biashara ya mtu mmoja, pamoja na hatari zake zote.

Wapinzani wa hoja hii watataja umoja wa taifa. Hofu yao ina historia: utawala wa machifu, wa Nkansi na Lyangalile za Ufipa ukiwamo, ulifutwa mara tu baada ya uhuru ili taifa lisigawanyike. Lakini Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi tangu 1980, na Muungano upo. Wala sidai serikali ya jimbo. Wabunge na wenyeviti wa halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga tayari wanaketi katika kamati hiyo ya ushauri. Sheria ya 1997 irekebishwe ili kura yao kuhusu bajeti ya mkoa imfunge mkuu wa mkoa.