Muthiga Kwa Simu: Cheki Dawa ya Mti Kabla Utoe Mia

Ukishuka mathree stage ya Thika ama Ruiru, lazima upatane na msee wa mitishamba na magunia yake ya magome. Atakuambia gome moja linamaliza kifua, tumbo na maumivu ya mgongo. Kabla utoe mia, jua unaweza kucheki wanasayansi wamepata nini ndani ya huo mti. Ni bure, na hata kama uliacha chuo kama mimi, utashika.

Tuchukue muthiga, ule mti shosho hukutafunisha gome ukikohoa. Jina lake la kisayansi ni Warburgia ugandensis.

1. Mitishamba. Hifadhi ya data ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Imekusanya molekuli zilizotolewa kwa mimea ya Kenya.

2. EANPDB. Ilitoka 2020 ikiwa na molekuli 1,870 za Afrika Mashariki. Siku hizi iko ndani ya ANPDB, ambayo inalenga bara lote.

3. PubChem. Ya serikali ya Marekani, iko tangu 2004. Andika polygodial, moja ya zile zinafanya muthiga uwashe ulimi. Utapata fomula yake, C15H22O2, na mstari wa herufi unaoitwa SMILES. Nakili huo mstari.

4. SwissADME. Programu ya Uswisi. Bandika SMILES, nayo inakisia kama molekuli itatoka tumboni iingie kwa damu. Inaangalia pia kanuni za Lipinski za 1997. Moja inasema uzito usizidi 500. Polygodial iko 234, so hapo imepita.

Sasa usikimbie kununua gunia. Kupita hapo ni kukisia tu, sio kutibu. Kompyuta imeangalia molekuli moja. Gome la stage lina nyingi, na hakuna mtu amekupimia dozi. Mwaka wa 1976 watafiti walitangaza kwamba warburganal, ndugu ya polygodial, inafanya viwavi jeshi wakatae chakula. Hiyo ni poa kwa shamba la mahindi, lakini wewe si kiwavi.

Kwa hivyo tumia hizi hifadhi kuuliza maswali, sio kujiandikia dawa. Na kama hicho kikohozi kimepita wiki 2, achana na simu na gome pia. Enda hosi upimwe TB.