Ufunguo wa Sehemu Nyingi katika Hifadhidata

Mtungaji wa kamusi ajua ya kuwa umbo la neno peke yake halitoshi kukitambulisha kidahizo. Paa ni mnyama, tena ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kwenda juu angani. Kwa hiyo huandikwa paa 1, paa 2 na paa 3. Umbo na tarakimu hutambulisha kwa pamoja, wala kimoja hakifai bila mwenziwe.

Kanuni hiyo ndiyo aliyoieleza E. F. Codd wa IBM katika makala yake ya mwaka 1970, yaliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali. Kila mstari hutambulikana kwa ufunguo msingi, nao waweza kuwa wa safu moja au wa safu kadhaa zilizoungana. Mwaka 1979 Codd huyo huyo alieleza pia vitambulisho vya badala, vitolewavyo na mashine yenyewe.

Baadaye zilitokea programu za upatanishi, ambazo kazi yake ni kuugeuza mstari wa jedwali uwe kitu kinachotumika katika lugha ya programu. Hapo njia ziligawanyika. Katika Java, Hibernate ilianzishwa mwaka 2001, na kanuni za JPA zilitolewa mwaka 2006. Hizo ziliruhusu sehemu za ufunguo zikusanywe katika kitu kimoja, kwa sharti kwamba funguo mbili zenye sehemu zilizo sawa zihesabiwe kuwa moja. Lakini Rails ya mwaka 2004 na Django ya mwaka 2005 zilijengwa juu ya ufunguo wa safu moja, kwa kawaida namba tupu.

Namba ina faida yake: mhariri akibadili paa 2 kuwa paa 3, marejeo yote hubaki salama. Walakini ina hatari. Paa 1 yaweza kuingizwa mara mbili, kwa namba 57 na kwa namba 912. Mifano ya matumizi ikagawanyika, na mashine isione kosa lo lote.

Haja hiyo haikufutika. Ombi la Django liliandikishwa mwaka 2005, likatimizwa katika toleo la 5.2 la mwaka 2025. Rails ilikubali katika toleo la 7.1 la mwaka 2023. Hata hivyo, anayependelea namba na aitumie kwa marejeo, ila hana budi kuiamuru hifadhidata ikatae umbo na tarakimu zile zile kurudiwa pamoja. Namba huonyesha mahali pa kidahizo. Haisemi ni kidahizo gani.